Jiwe, Mng'ao na Ukweli wa Uso

Uamuzi wa namna ya kumalizia uso wa jiwe la asili, yaani kama sakafu ya sebule au kaunta ya jikoni ing'arishwe mpaka irudishe sura ya mtu, isuguliwe iwe laini bila kung'aa, au iachwe na ukwaru wake, kwa kawaida huachiwa fundi na mfuko wa mwenye nyumba. Hata hivyo, ndani ya uamuzi huo limo swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelirudia kwa karne nyingi, nalo ni kama uso wa kitu ni mahali kinapojidhihirisha au ni vazi linalokisitiri. Lugha ya dini iliyoenea katika Kiswahili ina maneno mawili yanayofaa hapa: dhahiri, yaani kile kinachoonekana nje, na batini, yaani kile kilichofichika ndani. Anayechagua mng'ao wa jiwe anaamua, hata asipokusudia, uhusiano gani uwepo kati ya dhahiri na batini ya kitu atakachokikanyaga kila siku.

Katika kata ya Viwanja Sitini mjini Ifakara swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu huko jiwe ni mgeni. Mji umekaa juu ya tambarare ya Bonde la Kilombero, ardhi iliyojengwa na mafuriko ya miaka mingi, ambamo mito inayoshuka kutoka milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande wa pili huacha mfinyanzi, tope na mchanga. Anayechimba hapo hupata udongo wa kufyatulia tofali, na jiwe la msingi halina budi kuletwa kwa lori. Hivyo historia ya sakafu katika bonde hili ni historia ya udongo uliopigwa na kusiribwa, kisha ya saruji iliyopigwa niru, yaani kupakwa uji mzito wa saruji tupu na kulainishwa kwa mwiko mpaka ing'ae, kisha ya terazo, ambayo ni vipande vidogo vya marumaru vilivyochanganywa na saruji na kusagwa kwa mashine, na sasa ya vigae vya kiwandani ambavyo watu wengi huviita malumalu. Neno lenyewe sakafu limesafiri, kwani katika Kiarabu asili yake humaanisha dari au paa. Kwenye nyumba za ghorofa za pwani, zilizojengwa kwa boriti za mikoko na chokaa iliyopondwa na kushindiliwa, paa la chumba cha chini ndilo lililokuwa sakafu ya chumba cha juu, na Kiswahili kikalitazama kutoka juu.

Jiwe lenyewe, hata hivyo, haliko mbali. Ng'ambo ya mto Kilombero, ambao sasa unavukwa kwa daraja la kudumu badala ya kivuko, barabara inapanda kwenda Mahenge, na katika milima hiyo imo marumaru halisi, yaani mawe ya chokaa ya zamani sana ambayo joto na mgandamizo wa ndani ya ardhi viliyageuza kuwa fuwele zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Dunia ya wachonga vito huijua Mahenge kwa sababu ya spineli, kito chekundu kinachokaribia waridi, hasa baada ya fuwele kubwa kupatikana huko mwaka 2007. Na spineli hiyo ilizaliwa ndani ya marumaru. Jambo hili lina maana kwa hoja iliyo mbele, kwa kuwa linaonyesha kwamba jiwe lina ndani, na kwamba lililomo ndani halisomeki juu ya mwamba uliochakaa kwa mvua na kuota kuvu. Lazima pawe na mkono wa kulifungua.

Mkono huo hufanya nini hasa? Fundi anayeng'arisha jiwe haongezi kitu juu yake. Huanza na sahani ya kusagia yenye chembe kubwa za almasi, tuseme namba 50, ambayo huacha mikwaruzo mirefu, kisha hupanda kwenda 100, 200, 400, 800 na kuendelea mpaka 3000, kila hatua ikifuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia na kuacha midogo zaidi, mpaka ile iliyobaki iwe midogo kuliko macho yanavyoweza kutambua. Anayekomea kati ya 200 na 400 hupata uso laini ulio mkavu, usiorudisha taswira. Kazi hii ya kupunguza ukwaru kwa ukwaru mdogo zaidi inajulikana tangu zamani: neno msasa, ambalo leo mtu hulisikia dukani akakumbuka karatasi yenye mchanga, lilikuwa kwanza jina la mti ambao majani yake makavu yalitumiwa na maseremala kulainishia mbao.

Uso wenye mikwaruzo huutawanya mwanga kila upande, na mtawanyiko huo huonekana kama ukungu mweupe uliotanda juu ya rangi. Uso uliosawazika huuacha mwanga uingie na kurudi kwa utaratibu, ukungu ukaondoka, na rangi ikaonekana kwa kina. Yeyote aliyewahi kuokota kokoto mtoni Lumemo anajua tofauti hiyo, kwani kokoto iliyolowa huwa na wekundu, weusi na mishipa ambayo ikikauka hupauka. Maji yamejaza mikwaruzo yake kwa muda. Almasi huiondoa moja kwa moja. Kwa maana hiyo, mtu anayesema kwamba kung'arisha jiwe ni kulivisha uongo amekosea tangu mwanzo. Kung'arisha ni kufunua.

Hoja hii inahitaji kusemwa wazi kwa sababu katika dini zote mbili zinazofuatwa na wengi bondeni pana mkondo wa mawazo unaoshuku kila king'aacho. Waislamu wana dhana ya israfu, yaani matumizi yanayovuka mpaka, na riya, yaani kutenda jambo ili watu waone. Wakristo wana nadhiri ya ufukara, ambayo Wakapuchini kutoka Uswisi, waliohudumu Ifakara na Mahenge, waliirithi kwa Fransisko wa Assisi. Mkondo huu una haki yake, hasa mahali ambapo gharama ya meta chache za jiwe lililong'arishwa ingemtosha jirani kwa mbegu na mbolea ya msimu mzima wa mpunga. Lakini swali la gharama ni moja, na swali la ukweli wa uso ni jingine, na anayeyachanganya huishia kuihukumu sakafu kwa kosa la mwenye nyumba.

Maandiko yenyewe hayasemi kwa sauti moja. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20, wana wa Israeli wanaagizwa kwamba wakijenga madhabahu ya mawe wasiyachonge, kwa kuwa chombo cha chuma kikiinuliwa juu ya jiwe kinalinajisi. Jiwe linalomfaa Mungu ni lile lililotoka mkononi mwake bila kuguswa. Kisha, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 6, Sulemani anajenga hekalu kwa mawe yaliyochongwa na kukamilishwa machimboni, hata nyundo wala shoka visisikike ndani ya nyumba wakati wa ujenzi. Wafafanuzi wamejaribu kwa njia nyingi kuyapatanisha maagizo haya. Njia inayoonekana kuwa na nguvu zaidi ni kutambua kwamba madhabahu ya Kutoka ni mahali ambapo mtu analeta sadaka akiwa na mikono mitupu, bila ufundi wake, wakati hekalu ni nyumba ambayo watu watakaa, watatembea na kuimba ndani yake. Jiwe la kwanza linamsema Muumba peke yake, na la pili linasema pia juu ya wale waliolipokea. Kanisa Katoliki, ambalo mwaka 2012 liliifanya Ifakara kuwa jimbo kwa kulimega Jimbo la Mahenge, bado linalo jambo hili katika sheria zake: kanuni ya 1236 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inataka meza ya altare isiyohamishika iwe ya jiwe, tena jiwe moja la asili, ingawa inaliachia baraza la maaskofu la nchi kuruhusu kitu kingine kinachostahili na kilicho imara. Sheria hiyo inadai jiwe liwe jiwe kweli. Haisemi ling'ae.

Kwa upande wa Uislamu, hakuna kisa kinachoigusa sakafu moja kwa moja kuliko kile cha malkia wa Sabaa katika Surat An-Naml, yule ambaye mapokeo yanamwita Bilkisi. Anaalikwa kuingia katika jumba la Nabii Suleiman; anaiona sakafu, anaidhania kuwa maji mengi, anainua nguo yake na miguu inaonekana; ndipo anaambiwa kwamba ni jumba lililolainishwa kwa vioo, na hapo anakiri kwamba alikuwa ameidhulumu nafsi yake, akasilimu. Wapo wanaokisoma kisa hiki kama mtego uliotegwa na mfalme mwenye hila. Usomaji huo ni mfinyu, kwa sababu sakafu ile haikudanganya: ilikuwa kioo, na ilionyesha kioo. Kilichokosea ni hukumu ya macho yaliyozoea kwamba kila kinachometameta namna hiyo ni maji, kama vile yalivyozoea kwamba jua, kwa kuwa linang'aa kuliko vyote, ndilo la kusujudiwa. Uso uliosuguliwa ulimfundisha mtawala huyo kwamba kati ya kuona na kujua ipo hatua, na hatua hiyo aliipiga kwa mguu wake mwenyewe.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliipeleka fikra ya usuguaji mbele zaidi katika Ihya Ulum al-Din, anapoeleza maajabu ya moyo. Anasimulia juu ya Warumi na Wachina walioshindanishwa na mfalme mmoja kupamba ukumbi, kila kundi likipewa upande wake na pazia likitenganisha. Warumi walichora kwa rangi za kila aina, na Wachina hawakuchora chochote ila walisugua ukuta wao, na pazia lilipoondolewa michoro yote ya Warumi ikaonekana upande wa Wachina, tena kwa mng'ao zaidi. Kwa Ghazali, ukuta ule ni moyo wa mtu anayejitakasa. Msomaji wa leo akumbuke kwamba vioo vya zamani vilikuwa vya madini, vilivyoshikwa na kutu na kuhitaji kusuguliwa tena na tena, ndiyo maana lugha ya kiroho ya Kiislamu inazungumzia kutu ya moyo. Kusugua hakukuwa tendo la siku moja la kuzindua nyumba, kulikuwa desturi ya maisha.

Hata hivyo, mfano huo mzuri unabeba ndani yake onyo ambalo halitajwi sana. Ukuta uliosuguliwa kikamilifu hauonekani tena wenyewe. Kinachoonekana ni kilicho mbele yake. Kwa moyo unaomwelekea Mungu hilo ni sifa kuu, lakini kwa sakafu ya sebule hali hubadilika, kwa kuwa kinachosimama mbele ya sakafu ni mwenye nyumba, taa zake na makochi yake. Jiwe la Mahenge lililogeuka fuwele zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, likisuguliwa kupita kiwango fulani na kuwekwa chini ya taa kali, huacha kusema habari zake na kuanza kurudisha habari za anayelitazama. Kufunua kumegeuka kuwa kioo cha majivuno, na mpaka kati ya hali hizo mbili haupimiki kwa namba za almasi peke yake. Unategemea mwanga, mahali na nia.

Kuhusu uongo wenyewe, Mwingereza John Ruskin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1849 juu ya taa saba za usanifu majengo, aliutafuta mahali pengine, akashikilia kwamba dhambi ya uso ni kukifanya kitu kidhaniwe kuwa kitu kingine, kama vile mbao kupakwa rangi zionekane marumaru. Kipimo hicho kinafaa kuletwa mpaka Ifakara, ambako kigae cha udongo wa kiwandani, kilichochapwa picha ya mishipa ya marumaru na kupakwa ung'avu, kimelichukua hata jina la jiwe, hivi kwamba fundi akiagizwa malumalu hakuna anayefikiria mwamba. Je, huo ni uongo? Ruskin mwenyewe aliona kwamba pale ambapo kila mtu anajua ukweli wa jambo, udanganyifu haupo. Na wakazi wa mji huu wanajua vyema kwamba kilichomo kwenye katoni ni kigae. Lawama hapa isizidishwe, maana kigae kimewapa watu wengi sakafu inayofagilika na kupigwa deki kwa gharama wanayoimudu. Kilichopotea ni kidogo lakini ni halisi: neno lililotaja kitu sasa linataja sura ya kitu, na jamii inayopoteza neno la jiwe hupata shida kulidai jiwe pale linapohitajika.

Jambo linaloamua zaidi, na ambalo vitabu vya mapambo hulipita haraka, ni wakati. Mng'ao ni ahadi kwamba uso utabaki kama ulivyo siku ya kwanza, na mahali pengine ahadi hiyo haiwezi kutunzwa. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho kinapanga madini kutoka 1 hadi 10 kwa kuangalia lipi linakwaruza lipi, kalsiti, yaani madini yanayounda marumaru, iko katika 3, na kwazi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa mito, iko katika 7. Maana yake ni kwamba kila unyayo unaoingia kutoka barabara ya vumbi wakati wa kiangazi, au kutoka kwenye tope la masika pale Lumemo unapofurika, unaleta msasa, na njia kutoka mlangoni hadi jikoni itafifia ndani ya muda mfupi huku pembe za chumba zikiendelea kumeta, mpaka sakafu iwe na ramani ya mapito ya watu. Kwenye kaunta adui ni asidi: limau linalokamuliwa juu ya kambale, ukwaju, siki na nyanya hula kalsiti na kuacha doa lisilo na rangi, lililopauka, ambalo haliondoki kwa sabuni kwa sababu si uchafu, ni jiwe lenyewe lililolika. Dawa za kuziba vinyweleo vya jiwe huzuia mafuta na rangi ya manjano ya binzari visizame, lakini hazizuii asidi kula uso. Matale, yaani graniti, ambayo imejaa kwazi na feldispa, huvumilia yote hayo vizuri zaidi, na mng'ao wake juu ya kaunta ni ahadi inayotunzika.

Kwa hiyo marumaru ya sakafuni, katika mji kama Ifakara, inastahili ulaini usiong'aa, na hoja ya kusema hivyo ni ya kimaadili kuliko ya kiuchumi. Uso uliokwisha kukubali ukavu hupokea mkwaruzo mpya kama mzee anavyopokea mkunjo mwingine usoni, bila aibu, na hauwalazimishi waliomo nyumbani kuishi kama wageni, wakivua viatu kwa hofu na kuwakemea watoto. Tena uso unaolowa haupaswi kabisa kung'aa: penye udhu msikitini, bafuni, kwenye ngazi za nje, mwenye kuchagua mng'ao ameyaweka macho yake mbele ya nyonga ya mzee. Hapo matale huweza kuchomwa kwa moto mkali, kwazi ikatanuka ghafla na kurusha vipande vidogo, uso ukabaki na ukwaru unaoshika mguu. Marumaru haiwezi kutendewa hivyo, kwa kuwa ikichomwa sana hugeuka chokaa, kama wachoma tanuri wa pwani wanavyojua kwa kuchoma matumbawe.

Upo pia wajibu kwa mtu ambaye hatakanyaga sakafu hiyo kamwe. Anayesaga mawe makavu huvuta vumbi la silika, na vumbi hilo hufanya makovu ndani ya mapafu, ugonjwa uitwao silikosisi, usiopona. Mawe ya kuundwa kiwandani kwa kwazi na gundi, ambayo yanaweza kuwa na silika zaidi ya sehemu 90 kwa 100, yamewaletea wakataji wengi ugonjwa huo kiasi kwamba Australia iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Matale ya asili yana silika pungufu, na marumaru safi ina kidogo sana, lakini kila hatua ya kupanda namba za almasi ni saa nyingine ya kusaga. Kusaga kwa maji, ambako vumbi hugeuka tope kabla ya kuruka, kunagharimu muda na ndoo chache. Wanazuoni waliokemea riya walizungumzia jicho la anayetazama. Wangeishi karibu na karakana za mawe wangeuliza pia juu ya pumzi ya anayesugua, na mng'ao uliopatikana kwa pumzi hiyo ungekuwa israfu hata katika nyumba ya tajiri.

Lipo, mwishowe, jiwe ambalo nyumba za bondeni zilikuwa nalo kabla ya saruji, nalo lilikuja kwa kubebwa kichwani kutoka mlimani: jiwe la kusagia nafaka, lenye mama yake, yaani jiwe kubwa la chini, na mwana wake, yaani dogo la juu. Hakuna aliyelichagulia umaliziaji. Mikono ya wanawake na mtama wa miaka ndiyo iliyolisugua, likang'aa katikati mahali pa kazi na kubaki na ukwaru pembeni, kama vile Jiwe Jeusi la Makka lilivyolainishwa na mikono na midomo ya mahujaji. Lakini jiwe la kusagia likishakuwa laini mno nafaka huteleza na haisagiki, na hapo mwenye nalo huchukua jiwe dogo gumu, hukaa chini, na kuligonga uso mzima polepole mpaka mng'ao wote utoke, kisha hulifuta unga wa jiwe, hunyunyiza maji, na kuweka mtama.